Protini za Utando wa Mmea Hazielei Ovyo

Lifunguliwapo daftari la biolojia la mwanafunzi wa kidato cha tano, karibu kila mara hukutwa mchoro uleule: safu mbili za vichwa vya mviringo, kila kichwa na mikia yake miwili, mikia ikielekeana kwa ndani; na kati ya safu hizo mabonge ya protini yametupwa huku na huko mithili ya viazi katika mchuzi. Chini yake huandikwa kwamba utando wa seli ni kitu cha majimaji na kwamba protini huelea ndani yake. Mwanafunzi huukariri mchoro huo, huuchora katika mtihani, hupata alama zake, na huenda zake. Ni nadra aulizwe seli hiyo ni ya nini: ni ya ini la panya, ya damu ya mbuzi, au ya mzizi wa mpunga?

Swali hilo si dogo. Katika mmea, mahali ilipo protini ndani ya utando ni nusu ya kazi yake. Protini ileile ikihamishwa kutoka upande mmoja wa seli hadi upande wa pili, huweza kuugeuza mwendo wa madini au wa homoni, na mmea mzima ukapata hasara. Mchoro wa viazi katika mchuzi hauwezi kulieleza jambo hili. La kusikitisha zaidi ni kwamba unamzuia mwanafunzi asipate hata wazo la kuuliza. Kwa sababu hiyo mchoro huo haufai tena kutumiwa peke yake pale inapofundishwa mimea.

Hata hivyo haki ni haki, nao waasisi wa mchoro wastahili kupewa yao. Mwaka 1925 wataalamu wawili wa Uholanzi, Gorter na Grendel, walichukua chembe nyekundu za damu, wakayatoa mafuta ya tando zake na kuyatandaza juu ya maji. Waliona kwamba eneo lililofunikwa na mafuta lilikuwa kama mara mbili ya eneo la nje la chembe zenyewe. Ndipo wakakata shauri kwamba utando ni tabaka mbili za molekuli za mafuta. Mwaka 1935 Danielli na Davson walitoa dhana kwamba protini zimepakwa juu ya tabaka hizo, nje na ndani, kama samli juu ya mkate; na dhana hiyo ilitawala kwa miongo mitatu. Kisha mwaka 1970 Frye na Edidin, huko Baltimore nchini Marekani, waliziunganisha seli ya binadamu na seli ya panya zikawa seli moja. Protini za binadamu zilitambulishwa kwa rangi moja ing'aayo, na za panya kwa rangi nyingine. Mwanzoni kila rangi ilikaa upande wake. Katika joto la nyuzi 37 za Selsiasi, baada ya dakika 40 hivi, rangi zilikuwa zimechanganyikana. Miaka miwili baadaye, mwaka 1972, Singer na Nicolson walichapisha makala yao mashuhuri katika jarida la Science, wakaueleza utando kuwa bahari ya mafuta ambamo protini zimezama na huweza kusafiri. Ulikuwa ushindi mkubwa wa fikra, na katika msingi wake haujapinduliwa: mafuta ya utando ni majimaji kweli, na protini hupenya kweli ndani yake.

Lakini na itazamwe ushahidi huo ulitoka wapi. Ulitoka katika chembe za damu, na katika seli za panya na za binadamu zilizooteshwa maabara. Hizo ni seli laini, zisizo na ukuta. Mchoro ulizaliwa katika seli za wanyama, kisha ukahamishiwa katika sura za vitabu zihusuzo mimea bila kupimwa upya. Nicolson mwenyewe, mwaka 2014, aliurudia mchoro wake na kuutia vizuizi, makundi ya protini, na miundo iliyo nje na ndani ya seli ambayo huzishikilia protini zisiende mbali. Mwasisi ameusahihisha mchoro wake. Ni ajabu kwamba ubao wa darasani bado unamwakilisha kama alivyokuwa mwaka 1972.

Seli ya mmea huishi katika hali tofauti kabisa na ya chembe ya damu. Maji yaliyomo ndani yake huusukuma utando kwa nguvu kubwa. Katika seli nyingi mgandamizo huo hupita ule wa hewa iliyomo katika gurudumu la gari. Utando una unene wa nanometa 8 hivi, yaani zaidi ya tando 100,000 zikipangwa pamoja ndipo upatikane unene wa milimeta moja. Kitu chembamba namna hiyo hakiwezi kuuhimili msukumo huo. Kinachouhimili ni ukuta wa selulosi ulio nje yake, na utando umebanwa juu ya ukuta huo usiku na mchana. Protini nyingi za utando zina sehemu zinazochomoza nje, na sehemu hizo hukwama katika nyuzi za ukuta. Mwaka 2012 yalichapishwa majaribio ambayo yaliufuatilia mwendo wa protini za aina hii katika seli za mimea. Protini zilizokuwa zikigusana na ukuta zilisogea kwa shida. Ukuta ulipotenganishwa na utando, au ulipoharibiwa, zilisogea kwa urahisi zaidi. Basi anayefundisha kwamba ukuta wa seli ni boma la kuizuia seli isipasuke amesema kweli, lakini ameacha kusema kwamba ukuta huohuo ni mkono unaozishika protini mahali pake.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika zao linalofahamika vizuri Afrika Mashariki, kuanzia mabonde ya Kilombero na Usangu hadi Mwea nchini Kenya. Mpunga hufyonza silikoni kwa wingi usio wa kawaida. Silikoni huweza kufikia asilimia 10 ya uzito mkavu wa bua na majani. Hii ni elementi ileile iliyomo katika mchanga na katika kioo, na ndiyo inayolifanya jani la mpunga likwaruze mkono wa mpaliliaji. Huupa mmea ugumu wa kusimama wima, na huukinga na wadudu pamoja na ugonjwa wa blasti, ambao ni ukungu unaoshambulia majani na mashuke. Katika maji ya udongo silikoni huwa katika umbo la asidi ya siliki, molekuli ndogo isiyo na chaji ya umeme. Inaingiaje mzizini, na kwa nini mpunga huipata kwa wingi kuliko mimea mingine mingi inayoota katika udongo wa aina hiyohiyo?

Jibu lilipatikana Japani. Mtaalamu Jian Feng Ma na wenzake walipata mpunga uliobadilika kijeni ambao haukuweza kufyonza silikoni ipasavyo. Mwaka 2006 waliieleza protini iliyohusika, wakaiita Lsi1. Mwaka 2007 waliieleza ya pili, Lsi2. Lsi1 ni njia tu: huiruhusu asidi ya siliki kupita kutoka mahali ilipo nyingi kwenda mahali ilipo haba, wala haitumii nishati. Lsi2 ni pampu: huisukuma itoke nje ya seli, ikiendeshwa na tofauti ya ayoni za hidrojeni baina ya pande mbili za utando. Zote mbili zimo katika seli zilezile za mzizi, katika utando uleule mmoja unaoizunguka kila seli. Isipokuwa Lsi1 hukaa upande unaoelekea udongo, na Lsi2 hukaa upande unaoelekea moyo wa mzizi. Nyumba moja ina mlango wa mbele na mlango wa uani: mgeni huingia kwa ule wa mbele na kutokea kwa ule wa uani.

Sasa yafaa protini hizi zifikiriwe kana kwamba zinaelea kama mchoro wa daftarini unavyodai. Zingechanganyikana kama zilivyochanganyikana rangi za Frye na Edidin. Lsi2 ingeisukuma silikoni pande zote, na upande wa udongo ilikotoka usingesalimika. Lsi1 ingeirudisha ndani, na Lsi2 ingeisukuma tena. Seli ingekuwa kama mtu achotaye maji kisimani na kuyamwaga kisimani humohumo, na nishati yake ingekwisha bure. Jeni zote mbili zingekuwapo. Protini zote mbili zingekuwapo, tena zenye afya, kila moja ikiifanya kazi yake barabara. Ni mpunga tu ambao ungebaki na njaa ya silikoni.

Hapa pana jambo linalowahusu hata wale ambao hawatashika hadubini maishani mwao. Siku hizi jeni zinatajwa sana, hata imejengeka imani kwamba ukiijua jeni umeujua mmea. Imani hiyo ni haba. Mtafiti anayetaka kuliboresha zao kwa kuongeza jeni ya protini ya kusafirisha madini, huku hajui protini hiyo itakaa upande gani wa seli, ametuma barua bila anwani. Na madhara yaweza kupita ukosefu wa faida. Mwaka 2008 watafiti haohao walionyesha kwamba aseniki, ambayo ni sumu, hupita katika milango hiyohiyo miwili. Katika shamba lililofurika maji, aseniki hugeuka kuwa molekuli inayofanana na asidi ya siliki; Lsi1 huipokea kama rafiki, na Lsi2 huipitisha kuelekea kwenye bua na punje. Katika nchi kama Bangladesh, ambako maji ya visima vingi yana aseniki, swali la protini gani iko upande gani wa seli ya mzizi limeingia hadi katika sahani ya wali.

Lakini milango peke yake haitoshi iwapo kuta zina nyufa. Baina ya seli na seli pana njia ambayo maji na madini yangeweza kupita bila kubisha hodi popote. Njia hiyo imezibwa na ukanda mwembamba ulioelezwa na Mjerumani Robert Caspary mwaka 1865, na ambao hadi leo huitwa ukanda wa Caspary. Kila mwanafunzi ameusikia. Asichokisikia ni namna seli inavyojua mahali pa kuujenga. Mwaka 2011 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walieleza jamii ya protini za utando walizoziita CASP. Protini hizi kwanza husambaa katika utando. Kisha hukusanyika katika mstari mmoja unaoizunguka seli kama mkanda kiunoni, na zikishafika hapo hazisogei tena. Katika mstari huohuo ndipo lignini ya ukanda hujengwa ukutani. Utando wenyewe sasa umegawanyika sehemu mbili, ya nje na ya ndani, na protini za sehemu moja hazivuki kwenda nyingine. Ukuta huzishika protini, na protini nazo huuamuru ukuta ujengwe wapi. Mzizi wa mpunga una kanda za namna hii katika tabaka mbili za seli, na Lsi1 na Lsi2 zimo katika tabaka hizohizo mbili.

Kutoka mzizini na sasa twende jani, maana utando wa mmea si ule wa kuizunguka seli tu. Ndani ya kila kloroplasti mna tando za kijani zinazoitwa thailakoidi, na humo ndimo nuru ya jua inamogeuzwa kuwa nishati ya kemikali. Tando hizi zina sehemu mbili zinazoonekana kwa hadubini ya elektroni: sehemu zilizobanana na kurundikwa kama sahani, ziitwazo grana, na sehemu zilizo wazi zinazoyaunganisha marundo hayo. Vitabu huonyesha mfumo-nuru wa pili, kisha saitokromu, kisha mfumo-nuru wa kwanza, vikiwa vimepangwa bega kwa bega kama abiria katika benchi, na elektroni ikirukaruka kutoka kwa mmoja hadi kwa jirani yake.

Mwaka 1980 Bertil Andersson wa Uswidi na Jan Anderson, mama aliyekuwa akifanya utafiti wake Canberra, Australia, waliuonyesha ulimwengu kwamba sivyo. Walizivunja thailakoidi za spinachi, wakavitenga vipande vya sehemu zilizobanana na vile vya sehemu zilizo wazi, kwa kutumia mchanganyiko wa maji wenye tabaka mbili zisizochanganyika. Walipovipima, mfumo-nuru wa pili ulikutwa kwa wingi katika sehemu zilizobanana, na mfumo-nuru wa kwanza katika sehemu zilizo wazi. Kimeng'enya kitengenezacho ATP nacho kinakaa katika sehemu zilizo wazi, na sababu yake yaweza kueleweka hata na mtoto: kichwa chake ni kikubwa mno, hakiingii katika mwanya wa nanometa chache ulio baina ya tando zilizobanana. Jirani wa bega kwa bega hayupo. Elektroni huchukuliwa na wajumbe wadogo, plastokwinoni ndani ya utando na plastosianini ndani ya maji ya thailakoidi, na hubebwa mwendo mrefu kwa kipimo cha molekuli.

Utengano huo una faida gani? Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mfumo-nuru wa kwanza una haraka kuliko wa pili katika kuinasa nishati ya nuru. Ikiwa miwili hiyo ingekaa pamoja, wa kwanza ungemnyang'anya mwenzake riziki yake kabla hajaitumia. Kwa hiyo imetengwa, kama wauza samaki na wauza vitambaa wanavyotengwa sokoni, bila uadui wowote baina yao.

Wala asidhani mtu kwamba mpango huu ni wa kukaa tu. Katika grana protini zimejaa hadi kufikia kama asilimia 70 ya eneo la utando. Nafasi ya mafuta iliyobaki ni vichochoro. Hata hivyo zipo zinazosafiri, tena kwa amri. Nuru inapouelemea mfumo mmoja kuliko mwingine, kimeng'enya kilichotambuliwa mwaka 2005, kiitwacho STN7, huzitia alama ya fosfati baadhi ya protini zinazokusanya nuru, nazo baada ya dakika chache huwa zinauhudumia mfumo-nuru wa kwanza badala ya wa pili. Na katika jua kali la mchana, jua la pwani na la nyika, protini moja ya mfumo-nuru wa pili iitwayo D1 huharibika mfululizo, hata yaweza kuhitaji kubadilishwa katika muda wa saa moja au chini ya hapo. Haibadilishwi pale ilipo katikati ya rundo, kwani vyombo vya kuitengeneza haviingii humo. Mfumo ulioharibika hutoka hadi ukingoni mwa grana, D1 ya zamani huondolewa, mpya huingizwa, na mfumo hurudi kazini. Jani la mhindi linaloonekana limetulia saa sita mchana lina msafara usiokatika wa mitambo mibovu inayopelekwa karakana. Hilo nalo halimo katika mchoro wa viazi, maana kiazi hakina mahali pa kwenda.

Mifano mingine yaweza kutajwa kwa haraka. Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza mwaka 1880 jinsi mche wa nyasi unavyopinda kuelekea nuru kwa sababu ya jambo linalotoka kwenye ncha. Homoni inayohusika, auksini, husafiri kwa mwelekeo maalumu kutoka seli hadi seli. Mwaka 1974 Rubery na Sheldrake, na mwaka 1975 Raven, walitabiri kwa hoja za kemia tu kwamba mwelekeo huo waweza kuelezwa ikiwa protini za kuitoa auksini zimekusanyika upande mmoja wa kila seli. Ilipofika mwaka 1998 protini iitwayo PIN1 ilionekana katika bua, imekaa upande wa chini wa seli, kama ilivyotabiriwa. Mmea unaoikosa hutoa bua tupu lisilo na maua, mfano wa pini, na jina limetoka hapo. Mwaka 2006 ilionyeshwa katika mzizi kwamba protini za jamii hii zikihamishiwa upande wa pili wa seli, auksini nayo hugeuza njia. Huo ni utabiri uliongoja zaidi ya miaka 20 kuthibitishwa. Wanafunzi wanaodhani biolojia haina utabiri kama fizikia wangefaa kuusikia.

Na mkonge? Uzi wa mkonge kwa sehemu kubwa ni selulosi. Selulosi hufumwa na protini zilizopangwa katika utando kama ua la petali sita, lenye kipenyo cha nanometa 25 hivi, ambalo Mueller na Brown waliliona katika mahindi mwaka 1980. Mwaka 2006 mafundi hao walionekana wakitembea, kwa mwendo wa kama nanometa 300 kwa dakika, wakifuata vijineli vya protini vilivyolazwa chini ya utando kama reli. Kamba ya mkonge ina nguvu kwa sababu nyuzi zake za selulosi zimeelekezwa njia moja, na mafundi wakiachwa waelee ovyo nyuzi nazo zitalala ovyo.

Wapo watakaosema kwamba mchoro sahili unatosha, kwamba kijana wa miaka 17 hawezi kutwishwa kila ugunduzi unaotokea duniani, na kwamba mwalimu mwenye wanafunzi 60 na vipande viwili vya chaki ana mashaka yake mengine. Hoja hiyo ina uzito na haifai kudharauliwa. Lakini kusahilisha ni jambo moja, na kufundisha kinyume ni jambo jingine. Ramani ya nchi yaweza kuacha vijiji. Haiwezi kuonyesha mito ikipanda milima. Tena chaki mbili zinatosha. Seli ya mzizi ichorwe kama chumba, protini moja upande wa udongo kwa chaki nyeupe, nyingine upande wa ndani kwa chaki ya rangi, na ukanda wa Caspary katikati. Mchoro huo una mistari michache kuliko ule wa viazi, na unaeleza zaidi.

Wengine watasema haya ni ya vyuo vikuu. Hata kidogo. Mwanafunzi wa sekondari tayari anafundishwa ufyonzaji wa madini, kupinda kwa mche kuelekea nuru, na usanisinuru. Hufundishwa mambo hayo kama mada tatu zisizojuana, kila moja na orodha yake ya kukariri, wakati zote tatu zinasimama juu ya jambo moja: protini fulani imewekwa mahali fulani katika utando na haikuachwa kutangatanga. Watungaji wa mitihani wana sehemu yao hapa, labda kubwa kuliko ya walimu. Maadamu swali ni "Chora na utaje sehemu za utando wa seli", mwalimu mwenye busara atafundisha kuchora na kutaja. Siku swali litakapokuwa "Protini hii ingehamia upande wa pili wa seli, mmea ungepatwa na nini?", vipindi vitabadilika bila waraka wowote kutumwa.

Pia lipo jaribio lisilodai vifaa vya ghali. Mwalimu achukue ngozi nyembamba ya kitunguu chekundu, aiweke juu ya kioo katika tone la maji, aitazame kwa hadubini. Kisha aondoe maji na kutia myeyuko wa gramu 5 za chumvi katika mililita 100 za maji. Baada ya dakika chache rangi ya zambarau itaonekana ikijikusanya, maana maji yametoka, seli imenywea, na utando umebanduka ukutani. Jaribio hili hufanywa shuleni kila mwaka kuonyesha osmosisi, na kwa kawaida darasa huishia hapo. Lisiishie hapo. Mwanga wa hadubini upunguzwe, lenzi kubwa iletwe, na wanafunzi wautazame ule mwanya uliobaki baina ya utando na ukuta. Mwaka 1912 Karl Hecht aliutazama mwanya huo katika seli za kitunguu, kwa hadubini ya zama zake, akaona nyuzi nyembamba sana zimetoka katika utando ulionywea hadi ukutani. Kila uzi ni mahali ambapo utando umekataa kuuachia ukuta. Zinahitaji jicho la subira, na si kila mwanafunzi atakayeziona mara ya kwanza. Atakayeziona aombwe azihesabu katika seli moja, kisha katika seli ya jirani.